Pacha Waliyemchunga

Msimu ule wa mvua nyumba nzima ilikuwa imemkodolea macho Baba, kama mtu anavyoangalia maziwa jikoni yasije yakafurika. Akinyanyuka kitini, mtu ananyanyuka naye. Akielekea mlangoni, wa ndani anakohoa ili wa uani asikie. Mwenyewe alikuwa mzee mpole, na hilo la kuchungwa alilichukulia kama utani. Akienda msalani aligeuka nyuma na kuuliza leo nani anamsindikiza bwana harusi. Watu walicheka, ila macho hawakuyatoa.

Aliyecheka kidogo kuliko wote ni mjane wa mtoto wake wa kwanza. Mume wa huyu mama alipofariki, ndugu walikaa wakajadili abaki au arudi kwao, na maneno yakawa mengi. Baba aliwasikiliza mpaka wakachoka, ndipo akasema kwamba huyu si mkwe tena, ni mtoto wake, na anayetaka aondoke aanze kwa kumwondoa yeye. Kikao kikafa hapo hapo. Hata hivyo waliendelea kumwita Mkwe, na jina likamganda hata kwa majirani. Kila usiku alipopiga magoti kusali, kabla ya kujiombea yeye alimwombea kwanza yule mzee.

Nyumba yao ilikula kwa sabuni. Huko nyuma, chini ya paa la mabati lililo wazi pande mbili, kulikuwa na mapipa ya mafuta, sufuria pana za chuma, kalibu za mbao za kumiminia sabuni zilizoegemezwa ukutani na waya wa kukatia miche. Hewa ya pale iliwasha pua kwa mgeni. Pembeni kilikuwepo chumba kidogo chenye kufuli, na humo ndimo ilimokaa kostiki, ile chumvi nyeupe inayokula ngozi ya mtu kama mchwa anavyokula mbao. Kostiki ina adabu zake. Maji yakitangulia sufuriani na yenyewe ikafuata kidogo kidogo, maji yatachemka bila moto, yatafuka, kisha yatatulia. Ukigeuza ukamwaga maji juu yake, inaruka kama mnyama aliyekanyagwa mkia.

Zamani sana, mkorogaji mmoja aliwahi kupoteza jicho pale. Babu wa nyumba ile akaweka utaratibu: kila upikaji uwe na mtu mmoja wa kuita kazi kwa sauti, hatua kwa hatua, na mkono wa mtu usiguse kitu mpaka sauti imesema. Babu alipoondoka, sauti akabaki nayo binti yake, pacha wa Baba, ambaye watoto wote wa nyumba ile, na Mkwe pamoja nao, walimwita Shangazi.

Huyo Shangazi alikuwa na maneno ya kumtoa nyoka pangoni. Aliolewa, akafiwa, akarudi nyumbani na mdomo wake. Alisimama kichwani mwa sufuria, mkono mmoja kiunoni, akaita: "Maji yawe chini. Kostiki ifuate, taratibu, kama unalisha mtoto. Koroga. Geuza uso pembeni, usiivutie pumzi. Sasa iache ipoe, na wewe upoe." Mwiko, mkorogaji mrefu mwembamba aliyepewa jina hilo kwa umbo lake, alisema akiwa amelala angeweza kupika sabuni alimradi Shangazi aite.

Basi Baba alipoanza kuvaa shati juu ya shati, na kuuliza kitu kile kile kabla jibu la kwanza halijamaliza kutoka, walimpeleka kliniki. Shangazi aliongozana naye, maana pacha haachwi, na Mkwe akawabebea mkoba. Daktari, mama wa makamo mwenye sauti ya upole, alimpa mzee maneno matatu ayashike: chungwa, kiti, daraja. Wakaongea mengine kidogo, kisha akamwomba amrudishie. Baba akapapasa mfuko wa shati.

"Nilikuwa nayo hapa sasa hivi," akasema.

Daktari akaandika. Kisha, kwa kuwa walikuwa pacha na hali ilikuwa imekuwa nzito mle chumbani, akamgeukia Shangazi kwa utani na kumuuliza kama yeye anayo. Shangazi hakungoja. Alisema chungwa lilidondoka kitini likabingirika mpaka darajani, na daktari akimbie akalichukue kabla halijaingia mtoni. Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Akaieleza familia kwamba mzee ana ugonjwa wa kusahau, ule unaoitwa Alzaima, utakwenda naye polepole, na wamshukuru Mungu kwamba mama yuko imara wa kumwangalia.

Nyumbani aliyeshika usukani ni mtoto wa pili wa Baba, shemeji yake Mkwe. Walimwita Kipaza kwa sababu hakujua kunong'ona. Hata rambirambi alizitoa kwa sauti ya mnada. Kipaza akapanga mambo. Ufunguo wa chumba cha kostiki utakaa kwa Shangazi peke yake, na kostiki ataipima na kuimimina kwa mkono wake mwenyewe, asimwachie mtu. Baba aruhusiwe kukaa kiwandani, kwa kuwa akizuiwa analia, lakini asiguse kitu. Kisha akaweka mezani komeo la chuma, jipya, bado lina mafuta ya dukani.

"Nampenda baba yangu," alisema. "Lakini siku akimuumiza mtu, hili nalipiga kwenye mlango wa chumba cha nyuma, kwa nje. Msije mkaniuliza."

Baba alilishika komeo akalitazama, akasema ni zuri, limegharimu. Mkwe akalichukua taratibu, akalirudisha mezani. Chumba cha nyuma hakikuwa na dirisha la maana, na mzee yule alikuwa mtu wa kukaa juani.

Kuanzia hapo Mkwe akawa anamchunga Baba kuliko wote, asije akagusa kitu, asije akampa Kipaza sababu. Na ni katika kumchunga Baba, kwa kuwa pacha hawa hawakuachana, ndipo macho yake yalipoanza kumwona Shangazi.

Kwanza aliona kwamba majina yamekwisha. Mwiko, Kipaza, wateja, hata yeye, wote walikuwa "kipenzi". Watu walifurahi, wakasema uzee umemlainisha bibi. Mkwe naye alifurahi, mpaka siku moja aliposikia paka naye anaitwa kipenzi, kwa sauti ile ile, na kwa macho yale yale ya mtu anayebahatisha.

Kisha ufizi wa Shangazi ukavimba. Jino bovu la upande wa kushoto lilikuwa likimsumbua, shavu linajaa, jioni joto linapanda, yeye anasukutua maji ya chumvi na kukataa kwenda kung'oa. Mkwe aliona kwamba ufizi ukivimba, Shangazi anapotea kidogo: anakalia kiti akisahau kilichomkalisha, anasimama jikoni akiwa ameshika kifuniko na hajui ni cha nini. Uvimbe ukishuka anarudi, anatania, anaita kazi. Ila hakurudi pale alipoachia. Kila mara alirudi chini kidogo ya pale.

Alasiri moja walikuwa wakikata miche, Mkwe anavuta waya, Shangazi anapanga, Mwiko anafagia. Shangazi akamuuliza Mkwe, bila kunyanyua kichwa, mbona mumewe siku hizi haji kula.

Mkwe akaacha waya. Mumewe alikuwa amelelewa na Shangazi huyu huyu, aliyemfulia nepi na kumzika.

"Shangazi," alisema taratibu, "si alishafariki."

"Najua kafariki," Shangazi akajibu hapo hapo. "Nilitaka nikuone kama bado unamkumbuka, au umeshapata mwingine unatuficha."

Mwiko aliangua kicheko, akasema Mkwe amekamatwa leo. Mkwe alitabasamu kwa kuwa ilibidi. Lakini kabla ya jibu lile kutoka, aliona uso wa Shangazi, na ulikuwa uso wa mtu aliyeshusha mguu gizani akakuta ngazi haipo.

Tangu siku hiyo akaacha kumsikiliza Shangazi, akawa anamtazama mikono. Jambo hilo lilimfanya alale vibaya. Mdomo ulisema koroga, mkono ukashika mwiko kwa upande wa kukorogea. Mdomo ulisema kalibu zije, mkono ukasogeza ndoo. Kazi haikuharibika kwa sababu wengine walifuata sauti, na sauti haikukosea hata neno. Ilikuwa kama sala mtu aliyoikariri tangu utotoni, ambayo inaendelea kutoka hata kama moyo umeshatoka nje ya nyumba ya ibada. Mikono ya watu wote ilikuwa mikono ya Shangazi, na haikumhitaji tena awemo ndani. Isipokuwa penye kostiki. Pale alikuwa na mikono yake mwenyewe tu, na ni wao wenyewe waliompa kazi hiyo ya kuimimina.

Akapiga moyo konde, akamwendea Kipaza. Alimkuta akipanga katoni, akamweleza la mume, la kifuniko, la mwiko. Kipaza alianza kwa kucheka. Alipoona shemeji yake hacheki, naye akaacha.

"Shemeji, ufunguo unautaka?" akamuuliza.

Mkwe akasema hautaki.

"Maana daktari kapima. Mmoja kaanguka, mmoja kapita, wewe mwenyewe ulikuwepo. Wewe umepima kwa nini, kwa macho?" Na kwa kuwa hakujua kunong'ona, Mwiko alisikia, na aliyekuwa akipita barabarani alisikia. Ilipofika jioni ilishakuwa habari kwamba mjane anataka kumpindua bibi. Wifi mmoja alikuja makusudi kutoka mtaa wa pili, akakaa, akanywa chai, akauliza kama kweli siku hizi kuna watu wanapanga kuhamia chumba cha mbele cha Shangazi. Mkwe akajikaza kisabuni. Alimwongezea chai.

Jino ndilo lililomfungulia njia. Shavu lilipovimba tena na Shangazi akashindwa kutafuna, Mkwe alimbembeleza mpaka akakubali kwenda hospitali, na walipofika akaomba waonane kwanza na yule daktari wa kliniki. Alimweleza yote wakiwa wamesimama mlangoni. Daktari hakumkatisha. Alimkaribisha Shangazi, wakataniana kama watu wa zamani, halafu akampa karatasi, akamwomba achore uso wa saa.

Shangazi akasema saa siku hizi watu wanaziangalia kwenye simu. Daktari akacheka, akangoja. Shangazi akasema mkono unauma. Daktari akangoja. Mwishoni alichora duara zuri, la mtu aliyemimina kwenye kalibu maisha yake yote, kisha akazirundika namba zote upande mmoja, zinabanana kama kuku waliosikia mwewe. Upande wa pili ukabaki mweupe. Alipoambiwa akunje karatasi na kuiweka chini, aliikunja, akaishika, akaanza kusimulia habari ya karatasi.

Alipopelekwa chumba cha meno, daktari alimkalisha Mkwe.

"Siku ile nilicheka nikaacha kupima," alisema. "Kosa ni langu."

Akamweleza kwa maneno ya kawaida. Alisema ugonjwa ni ule ule wa pacha wake, umri ni ule ule, ila mwili wa mwanamke na wa mwanamume haubebi mzigo huu sawa. Wanawake wengi wana akiba kubwa ya maneno, na kipimo cha maneno kinapita juu ya akiba hiyo bila kugusa chini. Mwanamume hana pa kujificha, anaonekana mapema, anashikwa mkono mapema. Mwanamke anaonekana akiba ikiisha, na ikiisha anashuka kwa kasi. Tena mwanamke akishakoma hedhi anapoteza kinga fulani iliyokuwa ikimsaidia, na katika ubongo wake zile chembe za kupambana na maradhi zinaweza kuwaka na kukataa kuzima. Kila uvimbe mwilini, ufizi, kidonda, homa, ni kama mtu anapepea makaa yale. Alisema siyo kwa kila mwanamke, na wenye elimu yao bado wanatafuta. Lakini kwa huyu, jino ling'olewe leo, kidonda chochote kisipuuzwe, na ufunguo utoke mikononi mwake.

Walirudi wakipitia kando ya maduka, Shangazi ameshika shavu kwa kitambaa, jino limetoka. Penye kivuli cha duka la nguo aliomba wapumzike. Akakaa kwenye kibaraza, na kwa muda alikuwa yeye mwenyewe kabisa, hadi Mkwe akaogopa.

"Kakuambia nini yule?"

Mkwe akasema kasema jino litapona.

"Mimi si mtoto. Ile saa niliiona nilivyoichora." Akakigeuza kitambaa shavuni. "Wakijua wataniwekea mtu nyuma, kama walivyomwekea pacha wangu. Nikienda chooni, mtu. Nikisimama, mtu anakohoa. Yeye anacheka, mimi siwezi. Na sauti wataninyang'anya. Nikishanyamazishwa pale kiwandani nitakuwa nini mimi? Ngoja tu sabuni tuliyoagizwa na shule iishe. Ile ikitoka nitausalimisha ufunguo mwenyewe, kwa heshima yangu. Usiniumbue, mwanangu."

Alikuwa hajamwita mwanangu siku nyingi. Mkwe alijua jibu sahihi ni lipi, na daktari alikuwa ametoka kulisema. Lakini alikumbuka chai ya wifi, akakumbuka Kipaza na katoni zake. Akajiambia atasimama kiwikoni kwa Shangazi kila wakati wa kostiki, hatabanduka, na sabuni ya shule ni kazi ya kupita tu. Akakubali. Mungu naye humwacha mtu achague.

Siku ya upikaji mkubwa kulikuwa na mawingu mazito na hewa imesimama. Sufuria ziliwekwa tayari, Shangazi akafungua kufuli, Baba akakaa kwenye kigoda chake karibu na pacha wake, mikono magotini, mtoto mwema. Mkwe alisimama pale alipojiahidi kusimama. Ndipo Kipaza alipomwita kutoka mbele ya nyumba: watu wa shule wamekuja, wanataka kuona mche mmoja, alete haraka, na chai. Akaita tena. Kipaza akiita mara ya tatu mtaa mzima hutoka nje. Mkwe alimwangalia Shangazi, akaona bado anafunga kitambaa kichwani. Akaenda mbio.

Alikuwa anarudi, yuko kwenye kona ya ukuta, aliposikia sauti imeanza.

"Maji yawe chini," Shangazi aliita. "Kostiki ifuate, taratibu, kama unalisha mtoto."

Na Mkwe, aliyejua yote anayoyajua, alishusha pumzi na kupunguza mwendo. Sauti ilikuwa nzima.

Alipokata kona aliona sufuria kavu. Ndani yake kostiki imekaa nyeupe kama unga, na Shangazi amenyanyua ndoo ya maji juu yake. Mwiko alikuwa amewapa mgongo, anabingirisha pipa la mafuta. Baba ameshanyanyuka kutoka kwenye kigoda, ameshika ndoo kwa upande wake, anasema, "Dada, siyo hivyo, dada," anavuta huku pacha wake akivuta kule, na mdomo wa Shangazi unaendelea, umetulia, "Koroga, geuza uso pembeni," na uso haukugeuka.

Ndoo ikainama.

Ulitoka mvumo, kisha ukungu mweupe. Shangazi alipiga ukelele mmoja. Mwiko alipogeuka, alichokiona ni Baba amesimama na ndoo tupu mikononi.

Mkwe alimvuta Shangazi hadi bombani, akamfungulia maji mkono, bega na shingo, akayaacha yamwagike na kumwagika, huku nguo zao wote wawili zikilowa na yeye akitaja jina la Mungu bila kuongeza neno. Macho yalipona. Mkono wa kulia haukupona.

Walirudi kutoka hospitali kabla jua halijashuka, mkono umefungwa, wakakaa sebuleni wote: Kipaza, Mwiko, wifi aliyekuja na kilio chake, Baba kwenye mkeka karibu na ukuta. Kipaza akamwomba Shangazi aeleze. Na Shangazi akaeleza. Alieleza vizuri ajabu. Alisema maji yalikuwa chini, yeye mwenyewe aliyatanguliza, akaona vumbi sufuriani, akayamwaga ili ayabadilishe, akageuka kuchukua kitambaa cha kufutia, na nyuma yake pacha wake, masikini, akitaka kusaidia kama zamani, akaitia kostiki sufuriani, akainyanyua ndoo. Alitaja alivyomsikia akihema. Alitaja alivyomwambia hapana. Msimlaumu, alisema, ni mgonjwa huyu, hajui.

Mkwe alimtazama usoni akitafuta uongo, hakuuona. Hakuwa anadanganya. Kulikuwa na tundu kwenye kumbukumbu yake, na ulimi ulikuwa umelishona papo hapo bila kumuuliza mwenyewe.

Mwiko akasema kweli, alimwona mzee na ndoo.

Wote wakamgeukia Baba. Alikuwa akiitazama mikono yake, upande wa viganja, kisha upande wa nje.

"Basi ni mimi," alisema. "Kama dada anasema ni mimi, ni mimi."

Kipaza alinyanyuka bila neno, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, akaenda kabatini, akarudi na komeo na nyundo. Alikuwa akilia.

"Shemeji, keti," Mkwe akasema.

Hakuketi. Akamwambia apishe njia. Mkwe alisimama mlangoni akasema yote: mwiko ulioshikwa kichwa chini, saa yenye namba upande mmoja, maneno ya daktari, ahadi ya kwenye kibaraza. Alipofika kwenye ahadi alimsikia Shangazi akivuta pumzi, akajua ameumbua aliyemwomba asimuumbue, na akaendelea. Wifi akamwambia aone haya, mtu ameungua na bado anamsingizia. Kipaza akauliza kwa nini basi alinyamaza, kama alijua, kwa nini alinyamaza. Mkwe alikwenda jikoni, akarudi na beseni tupu, bakuli la unga na jagi la maji, akaviweka mbele ya Shangazi.

"Shangazi, usituambie," alisema. "Tuonyeshe. Unga ndio kostiki. Tuonyeshe kwa mkono huu mzima."

Shangazi aliangalia vitu vile akatabasamu, akasema leo wanapika mkate. Hakuna aliyecheka. Akakaa wima, kama anavyosimama kichwani mwa sufuria, na sauti ikatoka, tamu ile ile: "Maji yawe chini." Mkono wa kushoto ukachukua bakuli la unga ukalimwaga beseni kavu. "Kostiki ifuate, taratibu." Mkono ukachukua jagi. "Kama unalisha mtoto." Maji yakamwagika juu ya unga, yote, mpaka yakaruka yakamlowesha Kipaza miguu.

"Koroga," alisema Shangazi, na akawaangalia, akisubiri watii.

Mwiko ndiye aliyetoka kwanza. Kipaza alikaa sakafuni, pale kwenye maji, komeo mapajani.

Mlango wa chumba cha nyuma haukupigwa komeo. Lakini kidonda cha Shangazi kilivimba, kikatoa homa, na yale daktari aliyoyaogopa yakaja. Kufikia mvua za pili Baba alikuwa karibu vile vile, shati juu ya shati, wakati pacha wake, aliyezaliwa naye siku moja, alikuwa ameshuka kama mtu aliyekanyaga ukingo wa korongo. Utani ulikwenda. Kuita kazi kulikwenda, hata mstari wa kwanza. Kiwandani sasa aliita Mkwe, kwa sauti yake nyembamba, huku akikagua kila mkono.

Jambo moja tu hakuliweza. Kila asubuhi, akimpeleka uji Shangazi, alimkuta Baba ameshatangulia, amekaa ukingoni mwa kitanda. Alikuwa amesahau jina la marehemu mkewe, na mtaa aliokulia, lakini hadithi ile ilisimuliwa vizuri mno, ikamkaa.

"Dada, nisamehe," alikuwa akisema. "Nilikuunguza."

Mkwe alimwambia si yeye. Alimwambia kila siku, akamshika mabega, akamwapia. Baba aliitikia kwa kichwa, akashukuru, na kabla uji haujapoa alikuwa ameanza tena. Na Shangazi, ambaye siku nzima hakutoa neno la kueleweka, alimgeukia, akamwekea mkono wenye kovu kichwani.

"Nimekusamehe, pacha wangu," alisema, kwa sauti nzima kabisa. "Usirudie."

Ndipo Baba alipotoka uani akaketi kwenye kigoda chake juani, akaingiza mikono yote miwili chini ya mapaja, akaikalia, isije ikatoka.